Nimelamba cha Chini ya Kitanda

Shosti, nimelamba. Nimelamba kabisa!

Binti yangu wiki nzima mpole, kumbe kimya kingi kina mshindo. Nimekuta chupa uvunguni mwa kitanda chake, imezibwa kwa nta, maji ya kahawia. Nikajua pombe. Nikabandua nta, nikachovya kidole, nikalamba. Chumvi na kutu!

Akaingia, akapiga yowe: "Mama! Umeniharibia uhai!"

Uhai gani? Eti wamefundishwa darasani kwamba zamani dunia ilikuwa mawe na maji ya moto, uhai ukaanzia humo wenyewe. Naye kachemsha misumari kwa maji ya chumvi, anasubiri uhai uanze.

"Wenyewe? Bila mtu?"

"Ndiyo, mama."

Siamini hata kidogo. Mwanao yuko darasa hilohilo, kamchungulie uvunguni leo leo!

Mie tumbo linanguruma, naye kasimama mlangoni na daftari: "Mama, kuna kinachosogea?"