Shujaa Aliyemwacha Mkewe Kaburini

Jumamosi, 14 Juni 2025
Nimeudhika! Mjukuu wangu Zipora kaniwekea filamu ya kizungu kwenye simu yake. Shujaa mwenye nguvu za ajabu — mwanaume mzima kavaa kama soksi — mkewe kafa. Akaingia kwenye mashine, akarudi miaka mitano nyuma, akamwokoa. Nikapiga makofi. Zipora akanikatiza: hapana babu, wakati umetoa tawi. Kwenye tawi jipya mke mzima. Kwenye lile la zamani bado amekufa.

Sasa kaburi la kule nani analifagia? Hakuna! Bwana kahamia tawi jipya, anakula chakula cha moto. Mshenzi.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani sikwenda. Nimebishana na Zipora mpaka ugali ukapoa. Huko alikohamia, mume wa kule yuko wapi? Wanalala watatu? Na kama mke hakufa, nani alipanda mashine, na kwa sababu gani? Niliishia darasa la nne, lakini hilo nimeliona. Akasema hapo hata waliotunga wamechanganyikiwa. Basi wasitutie matumaini!

Zipora akauliza: babu, mbona unagombana na simu? Nikamwambia nyamaza, mchumba mwenye miguu ya korongo.

Jumanne, 17 Juni
Mwanangu Denis kaja kutoka Msalato. Barabara mpya inapita makaburini kwetu kule. Kaburi la mke wangu Tereza limepigwa X nyekundu, kama kibanda cha chipsi! Ijumaa anahamishiwa makaburi ya Zuzu. Wazee wa ukoo wanasema mtu hafukuliwi kimya kimya. Mumewe amwite jina, amwambie anakopelekwa, na kama kuna neno kati yao alimalize hapohapo.

Siendi, nikasema. Denis akasema, mzee, usipoongea hawachimbi, na Jumamosi greda linapita juu yake.

Jumatano, 18 Juni
Neno lipo. Denis halijui. Miaka sita iliyopita, asubuhi, Tereza alisema kifua kinambana, nimtafutie bajaji. Nilikuwa nacheza drafti na rafiki yangu Yotham, nimebakiza kete mbili nimfunge. Nikamwambia subiri nimalize.

Nilishinda.

Mashine yao wangenipa mimi! Tawi sitaki. Nataka asubuhi ileile, na Tereza huyuhuyu.

Ijumaa, 20 Juni
Naandika hapahapa Msalato, nimekalia ndoo. Vumbi! Wachimbaji wanne wameegemea sululu. Niliita: Tereza! Mara mdomo ukatoa shikamoo. Kwa mke wangu! Zipora akaangua kicheko, na mimi pia, mpaka Denis akanuna. Nikamwambia tunampeleka Zuzu, karibu na reli, atasikia treni. Wachimbaji wakanyanyua sululu. Nikawafokea, shusheni!

Denis akauliza, mzee, kuna lingine?

Nimewaomba wote warudi kwenye gari. Wamegoma — eti lazima ukoo usikie. Yotham naye kaja; kavua kofia, anatazama chini. Denis kasogea mbele kabisa.