Tisheti ya Saizi Kubwa

Dada Truphena,

Nakuandikia kwenye meza ya kukunjia mashuka, hapa kwenye duka langu la dobi. Nyumbani ningeweza, lakini nilitaka kukukasirikia nikiwa peke yangu.

Habari kwanza. Nekesa wako ametimiza miaka tisa. Anakaa kwetu Fridley, kwenye kile chumba ulichokuwa ukisema kina baridi ya mochari. Dirisha nimeliziba. Ameongezeka inchi mbili na nusu. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa akitaka kitu. Hapo Kiswahili kinamtoka kama mtangazaji wa redio. Wifi yako anasema hiyo ni damu yako. Mashine nimeongeza mbili, na nyumba ya wazee ya kule Anoka sasa inanipa mashuka mara tatu kwa wiki. Ungesema, "Wewe tajiri wa mashuka," kisha ungeniomba nikupeleke mahali.

Kama ile Jumamosi. Ulipiga simu asubuhi, ukaniambia nifunge kazi niwapeleke paki, ile ya bembea iliyo ndani ya jengo la maduka. Nililalamika njia nzima. Mtoto alikuwa na miaka saba. Wale watu waliovaa manyoya kutoka kichwani mpaka miguuni walikuwa watano: Dubu, Kulungu, Chura, Bata, na yule Mbu mrefu kama mlango, maana huku ugenini hata mbu wana cheo. Wazazi wenzako walikuja na vitabu ili hao wanyama watie sahihi za kumbukumbu, wengine wakawavua watoto kofia zitiwe sahihi. Wewe ukafungua mkoba ukatoa tisheti nyeupe ya mtu mzima, saizi kubwa, na ndani yake umeshapachika kadibodi ya sanduku la nafaka ili wino usipenye mgongoni. Na kalamu yako mwenyewe, nene, ya kitambaa. Ulikuwa umejipanga.

Nikakwambia, "Dada, huyu mtoto ni kilo ishirini na mbili. Hiyo ni hema."

Ukanijibu bila hata kunitazama, "Nguo ya mtoto ni ya miezi sita. Hii ataivaa akiwa na kumi na minane. Si wewe bingwa wa hesabu? Basi piga."

Sikupiga. Mimi ninayezidisha mashuka kwa vitanda kwa siku nikiwa naendesha gari, hesabu ndogo namna ile niliipita. Nilisimama tu nikiangalia saa: dakika hamsini na tano kwa sahihi tano. Dubu alishika kalamu kwa lile glavu lake kama mtoto anavyoshika kijiko, herufi zikapanda mlima, nawe ukacheka mpaka ukashika ubavu. Nilidhani ni kicheko.

Karatasi za hospitali zilikuwa ndani ya mkoba ule ule, Truphena. Wiki nne tayari ulikuwa unajua! Nilizikuta baada ya mazishi, na tarehe nikaisoma mara tatu. Mimi ndugu yako wa tumbo moja, niliyekuwa nawapeleka kila mahali kwa gari, ningeshindwa na nini kukupeleka kwa daktari? Ulinificha. Hicho ndicho kinyongo changu, na nimekibeba mwaka mzima.

Sasa langu. Maana na mimi nimekosa.

Ulipotutoka, akina mama wa kanisa walizipakia nguo zako kwenye mifuko minne. Mama akapiga simu kutoka kule kijijini akasisitiza, kama ilivyo kwetu, zifuliwe zote kabla hazijagawiwa. Kila mtu akanigeukia. Nani mwingine? Nikawaambia hazitaguswa na mtu mwingine. Nikazileta hapa, nikaipa kila nguo ile huduma ninayoyapa mashuka ya wagonjwa: maji ya moto kabisa, dawa ya madoa, mizunguko miwili. Nilizimwaga kwenye mashine nikiangalia ukutani. Sikuweza kuziangalia.

Ile tisheti ilikuwa kwenye mfuko wa tatu.

Nilikwambia wino wa kitambaa haushiki mpaka upigwe pasi kavu. Ulisema, "Kesho." Ilitoka nyeupe kama siku uliyoinunua, na vivuli vitano vya kijivu kifuani. Miaka kumi na mitatu nafua nguo za watu, sijawahi kuharibu foronya. Nikaja nikaharibu hiyo.

Nekesa akaanza kuuliza. "Anko, tisheti ya Mama iko wapi?" Nikasema imehifadhiwa. Akauliza tena, nikasema hivyo hivyo. Mara ya tatu aliniangalia kwa yale macho yako, nikajua siku zangu zinahesabika. Basi nikafanya kama fundi: nikatafuta picha uliyopiga kwa simu yako siku ile, nikanunua kalamu, nikajifunza zile sahihi kwenye foronya iliyochanika. Mara kumi na nne. Kisha nikaziandika zote tano juu ya vile vivuli, nikapiga pasi. Kazi safi. Nilijisifu.

Siku yake ya kuzaliwa nikampa. Aliitandaza kitandani, akainusa. Akapitisha kidole kwenye sahihi moja moja, hana haraka. Akafika kwa Dubu, akasimama.

"Anko," akasema, tena kwa Kiswahili, "huyu ana vidole."

Nilijaribu kujifanya sielewi. Akanionyesha: Dubu wa kweli hana vidole, herufi zake zinapanda mlima. Hizi zimesimama kama askari.

Nikakaa sakafuni. Nikamwambia yote, mfuko wa tatu, dawa ya madoa, foronya. Hakulia. Nilidhani tumemaliza, kumbe alikuwa na swali lake, na sio la tisheti. Akauliza kama ulijua. Siku ile ya paki, ulipokuwa unacheka, ulijua?

Dada, nilikuwa na "sijui" tayari mdomoni. Ingepita vizuri tu. Lakini nilikumbuka ile tarehe kwenye karatasi na jinsi ilivyonichoma, nikaona sasa ni mimi ninayeandika tarehe nyingine kama ile, ya huyu mtoto kuja kuisoma mwenyewe. Nikasema, "Ndiyo. Alijua."

Kisha nikaona midomo yake inatembea. Anatoa saba kwenye kumi na nane.

"Kumi na moja," akasema. "Kwa hiyo alinihesabia miaka."

Mtoto wa miaka tisa, Truphena. Alichukua sekunde kumi kwa ile hesabu niliyoishindwa mimi.

Jumamosi iliyopita tulirudi paki. Nilitaka watie sahihi mbele, wanifunikie aibu yangu. Nekesa akakataa, akaigeuza wakatia mgongoni. Dubu alikuwepo, au mwingine ndani ya manyoya yale yale, na herufi zake bado zinapanda mlima. Kulungu alikuwa likizo. Ziko nne. Mbele zimebaki zangu tano, za uongo, na kila mgeni anayekuja nyumbani anaonyeshwa na kuambiwa ni nani aliyeziandika. Nimezoea. Pasi nilipiga jioni ile ile.

Kinyongo sijakimaliza. Ningekuwa nakudanganya. Lakini kimepungua uzito, maana nimejua jinsi "imehifadhiwa" inavyomtoka mtu kirahisi mbele ya anayempenda.

Lala, dada. Mashuka ya Anoka yananingoja. Ninalokuahidi ni hili: atakachoniuliza Nekesa juu yako, nitamjibu siku hiyo hiyo aliyouliza, hata kikiwa kibaya. Na nisichokijua, nitamwambia sikijui, tukae nacho wawili.

Mdogo wako,
Wekesa