Kulewa na Kulevuka

Nyaishozi, Karagwe
Jumamosi, baada ya kuanua kahawa

Mdogo wangu Filemoni,

Nimekaa miaka sita bila kukuandikia, mimi niliyekuwa nikiwachapa wanafunzi kwa kuchelewa kujibu barua. Naomba radhi. Sikukusahau. Nilikuwa nimekukasirikia, na mtu mwenye hasira huandika sarufi mbaya. Hasira bado ninayo, ila imehama kwako, nami nataka ujue imehamia wapi.

Migomba uliyoipanda bondeni inazaa vizuri. Ghala la kahawa nalo lingali limesimama. Nalitaja kwa makusudi, kwa maana wazee wa ukoo wanataka kumfungia humo dada yetu Tabitha, kesho baada ya ibada.

Tangu mume wake alipofariki kule Nyakakika, Tabitha amekuwa akiuza pombe ya moshi inayotoka Nkwenda, na huuza kile kinachobaki baada ya yeye mwenyewe kunywa. Wiki iliyopita nilifika kwake asubuhi. Alinimiminia chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu ikamwagika mezani. Akageukia ukutani, akanywa kitu, akarudi na kumimina tena bila kudondosha hata tone. Alicheka, akaniambia, "Umeona, Kaka? Mikono yangu haijui kazi mpaka ipewe posho."

Wewe ungecheka naye. Mimi nilitoka nje nikasimama katika migomba, kwa sababu mikono ile niliijua.

Niliijua tangu uliporudi kutoka vitani Burma. Uliondoka mtu wa kunywa rubisi ya ndizi kwenye harusi, ukarudi mtu asiyeweza kufunga vifungo vya shati kabla ya kunywa. Nilikuonya. Uliahidi, ukavunja ahadi, ukaahidi tena. Sijasahau siku uliyokuja shuleni umelewa, ukaegemea dirisha la darasa langu na kuwasomea wanafunzi ngeli kwa sauti kubwa: "Mlevi, walevi. Ngeli ya watu, Mwalimu. Hata sisi tumo katika ngeli ya watu." Darasa zima lilicheka. Niliwachapa wote, nikakufukuza kama mbuzi aliyeingia shambani. Ulikuwa umesema sahihi, na mimi mwalimu wa sarufi sikukusikia.

Sasa nikuambie mambo ya ghalani, kwa maana wewe uliyaona kutoka ndani tu.

Shauri la kukufungia nililitoa mimi. Baba mdogo Elieza aliliunga mkono, lakini maneno yalikuwa yangu, na kufuli lilikuwa langu. Nilisema usionje hata tone, na kwamba siku tatu zingekutosha. Siku ya kwanza uliimba nyimbo za askari na kututania. Siku ya pili ulilowa jasho kama mtu aliyenyeshewa, ukaniomba kupitia ufa wa mlango: "Kaka, kibuyu kimoja tu. Si cha kulewa. Ni cha kunyamazisha mikono." Nilikujibu kwamba huo ndio usemi wa walevi wote. Siku ya tatu hukuniomba tena. Ulisema, "Kaka, siafu zimejaa mlangoni."

Nami nikakusahihisha. Filemoni, nilisimama nje ya mlango ule na ufunguo mfukoni, nikasema, "Siafu wamejaa."

Ukajibu kwa upole, kama mwanafunzi mzuri: "Wamejaa, Kaka. Wamejaa."

Hapakuwa na siafu hata mmoja.

Mchana ule tulisikia miguu yako ikiupiga mlango. Baba mdogo akasema tukuache, pepo la pombe linatoka. Tukaacha. Kimya kilipoingia tulimshukuru Mungu, na mimi nikasema kwa sauti, wote wakisikia, "Amelevuka." Tulikaa tukanywa uji kabla ya kufungua.

Kesho yake, kwa kuwa mimi ndiye karani wa kanisa, nilichukua daftari la vifo nikaandika: Amekufa kwa ulevi. Hukupigiwa kengele. Mchungaji hakuja. Kwa miaka sita nimekulaumu kwa neno ambalo mkono wangu uliliandika.

Mwaka huu, wakati wa masika, nilipasuliwa ngiri katika hospitali ya misheni. Kwenye kitanda cha pili alilazwa mwashi mmoja, mtu mkubwa, aliyekuwa amekaa siku mbili bila pombe kwa sababu alikuwa njiani. Alitetemeka, jasho likamtoka, akawa anaokota vifaranga juu ya blanketi, na vifaranga hawakuwapo. Nilimwambia tabibu, kijana wa Muleba, kwamba si haki kumweka mlevi karibu na wagonjwa. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo yako nimekupa, mzee, lakini hapo umekosea. Huyu hakulewa. Huyu amelevuka ghafla, na hilo ndilo linalotaka kumuua."

Nilimwambia arudie. Akanieleza kama ninavyoeleza mimi vitenzi. Aliyelewa ananuka pombe, ulimi wake ni mzito, anayumba na kusinzia. Huyo alazwe ubavu, asije akasongwa na matapishi, na mtu akae naye, maana akikoroma bila kuamka yuko hatarini. Aliyekatishwa pombe baada ya miaka mingi ni kinyume chake: halali, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, anaona visivyokuwapo, kisha anashikwa na kifafa. Huyo hafungiwi. Analetwa kwa daktari akiwa bado na pombe mwilini, apunguziwe kidogo kidogo. Wakampa mwashi dawa yenye harufu kali, wakamchoma sindano, wakamnywesha maji na uji. Wakaacha taa iwake na mtu wa kumwambia kwa upole yuko wapi. Baada ya siku tano alikula matoke, akaniuliza mimi naumwa nini.

Tabibu alisema kazi haijaisha hapo. Mtu anaweza kurudia pombe mara nne, na kila mara apokewe tena kama mgonjwa anayerudiwa na homa.

Nilijifunika shuka usoni nikalia, wakadhani ni mshono.

Lewa, levuka. Kitenzi na kinyume chake. Nimewafundisha hayo watoto wa tarafa nzima. Hukufa kwa kulewa, mdogo wangu. Ulikufa kwa kulevuka, na mimi ndiye niliyekulevusha. Hasira yangu imehamia hapo, na inanitosha.

Juzi wazee waliketi. Baba mdogo alisema, "Kwa Filemoni tulichelewa. Huyu tutamwahi." Tabitha naye ameapa mbele yao kwamba hatagusa tena kuanzia kesho, nao wakampigia makofi. Mimi peke yangu niliogopa. Nilitaka kusema, nikasema tu kwamba tusiharakishe. Walinitazama. Kusema zaidi ni kusema nilivyofanya, na sikuwa tayari kumwambia mama yetu, aliyekaa pale na fimbo yake, kwamba mtoto wake hakuuawa na pombe.

Kesho nitasema. Daftari la vifo nitalipeleka, nami nitalisahihisha neno lile mbele yao kwa wino mwekundu. Silifuti kwa siri. Kosa hupigwa mstari, na sahihi huandikwa juu yake. Lori la kahawa linaondoka Jumatatu alfajiri kuelekea misheni. Tabitha nilimwambia jana, peke yetu, anywe kiasi kile tu cha kutuliza mikono mpaka tufike. Alinikazia macho, akasema, "Kaka Mwalimu, wewe ndiye unayenipa ruhusa?" Nikamwambia ndiyo. Alikaa chini.

Sijui kama wazee watakubali. Wanaweza kusema nimezeeka vibaya, au kwamba namtetea kwa aibu. Kwa hiyo ghala nimelifunga, na ufunguo wake nimeutia katika bahasha hii. Leo jioni nitaifukia kichwani pa kaburi lako, chini ya mgomba. Najua kufuli huvunjwa kwa shoka. Ila mwenye kutaka ufunguo itambidi aje achimbe kwako, na mwenye kuchukua shoka itambidi anipite mimi mlangoni, na safari hii sitasimama pale nikisahihisha sarufi.

Lala, Filemoni. Umo katika ngeli ya watu.

Wakishakata shauri, jibu lao nitakuletea mwenyewe kwa maandishi, liwe lolote.

Mimi kaka yako.