Kuku wa Pete Nyekundu

Kanduyi, Jumamosi, Agosti 2006

Nimechoka hata kukasirika siwezi.

Nimefika kutoka Kitale jioni nikakuta Mama amenipikia kuku. Nilipouliza ni yupi, akanijibu bila wasiwasi, "Si ni yule wa pete nyekundu mguuni. Ndiye alikuwa mnono, bana. Hao wengine wanazungukazunguka tu."

Utafiti wangu wote ni kujua ubongo wa kuku unaamuaje kuacha trei inayoishiwa mahindi na kwenda kutafuta kwingine. Hao wengine hukwaruza trei tupu mpaka jua lizame. Yule wa pete nyekundu aliondoka mapema kila mara, akashiba. Ndiyo maana alinona. Ndiyo maana amechinjwa.

Profesa anayenisimamia anakuja Jumatatu kumwona kuku huyo. Nitamwambia nini?

Mama aliniwekea firigisi, kipande cha mwenye boma, ambacho tangu Baba afariki ni changu. Akasimama kunitazama nikila. "Umekonda sana, kijana yangu. Hiyo masomo inakulisha kweli?"

Nilimaliza firigisi yote. Mwaka wa nne huu, nakwaruza trei ile ile.