Nameza Vidonge vya Jirani, na Figo ni ya Dada Yangu

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono maana nimejitia kitanzini mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nina mume na mtoto mmoja, na miezi minane iliyopita nilipandikizwa figo aliyonitolea dada yangu wa tumbo moja, sasa kliniki walinikataza kushika mimba kwanza, lakini daktari ni mzee rika la baba yangu na dada hunisindikiza mpaka ndani, basi mzee alipouliza, "Mama, uzazi wa mpango vipi?" nikaona haya, nikajibu mume wangu yuko safarini, na wala hajasafiri, yupo nyumbani ananipigia pasi nguo za wateja! Nikaomba vidonge vya kuzuia mimba kwa jirani yangu msusi, na kwa kuogopa visigombane tumboni na dawa za figo, nikawa naruka dawa za asubuhi, wiki ya pili sasa, kichwa kinagonga, viatu vinabana, na dada kila siku anapiga, "Mdogo wangu, figo yetu haijambo?" nami nacheka, "Inakusalimu," halafu nalia. Akijua ataona nimemchezea. Nifanyeje?

Fundi Mwoga

Fundi, pole sana, ila acha hilo gazeti uende kliniki leo, si ukimaliza kushona. Huenda ni presha, huenda figo inalalamika. Kipimo ndicho kitakachosema. Umeruka dawa inayolinda figo kwa ajili ya kidonge cha kuazima? Mama, hapo umenichosha! Beba pakiti ya msusi, taja siku zote ulizoruka, na usimeze dozi mbili kujifidia.

Aibu yako naielewa, lakini mzee hakuuliza kwa umbea. Baadhi ya dawa zako zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na vidonge vingi vya uzazi wa mpango hupandisha presha. Mwulize daktari kuhusu kitanzi au kijiti cha mkononi; wengi waliopandikizwa hutumia salama, ila mchague pamoja naye baada ya vipimo. Mpaka hapo, kondomu kila mara. Ukiona haya, omba nesi wa kike. Na mumeo mrudishe kutoka safarini, muingie wote. Siku mkitaka mtoto, semeni mapema, dawa zibadilishwe kwanza.

Kisha mpigie dada kabla hajakupigia. Akigomba, mwache agombe. Mtu aliyekubali kupasuliwa kwa ajili yako hatashindwa kusikia kwamba unalala na mume wako.