Jiwe la Mpaka Jikoni kwa Kapteni

Jumanne, 17 Aprili 1951

Bi Hester kapita hapa posta kwangu, matope hadi magotini. Miaka sabini na minane! Kamaliza kuandika mashamba yote ya parokia yetu, mia na kumi na mawili, kila moja kwa jina lake la kale. Kitabu chake cha historia ya kijiji chetu, Nether Wickering, anachokiandika miaka kumi na mmoja sasa, kimebaki sura moja: mipaka. Nikamuuliza, hatufiki watu mia nne, nani atasoma yote hayo?

"Wajane watasoma, Dulcie. Anza wewe."

Kanikamata. Nyasi za Konde la Wajane ni zetu sisi wajane tangu enzi za mababu. Sasa Kapteni Prideaux, mgeni aliyenunua nyumba ya kinu cha kusaga kwa maji, kalizungushia waya. Eti konde liko parokia jirani! Mbuzi wangu wale nini?

Jumapili, 22 Aprili

Bi Hester kapata! Daftari la kanisa la 1794, panya wamelitafuna pembe zote. Jiwe la mpaka liko "chini ya meko ya kinu", yaani jikoni kwa Kapteni. Likionekana pale, konde liko upande wetu wa mpaka. Mimi niliona mwandiko kama nyayo za kuku tu. Yeye kasoma kama barua ya jana. Zamani watu wa parokia walizunguka mipaka yao kwa miguu kuikumbuka, na kwenye kinu walipita dirisha la jikoni, wakatokea mlango wa mbele. Mara ya mwisho 1911. Alikuwemo!

Alhamisi, 26 Aprili

Kasisi kaenda kumwomba Kapteni tupite jikoni kwake. Kakataliwa — hataki viatu vya watu sakafuni kwake. Kasisi anasema tusubiri.

"Subira nimeila miaka kumi na mmoja, baba," Bi Hester kamjibu. "Nimeshiba."

Jumatatu, 30 Aprili

Naandika nimekaa juu ya ukuta wa ua wa Kapteni, kwa penseli.

Tulianza saa mbili asubuhi, watu ishirini na watatu, kila mtu na fimbo yake, tukipiga kila jiwe la mpaka kama desturi ya zamani. Bi Hester mbele. Ramani hakuifungua! Alituonyesha kwa kidole: hapa walizikwa saba waliokufa kwa tauni. Hapa Sukey Marl alijifungua katikati ya mavuno, jioni akarudi kufunga miganda. Mimi nimezaliwa hapa — sikujua hata moja. Aibu. Na fahari pia.

Tukafika. Kapteni kasimama dirishani, mikono kakunja.

"Bibi, hupiti hapa."

"Sogea, mwanangu, nisije nikakuangukia."

Kavua viatu, kavishika mkononi, kapandisha goti! Gaskin mhunzi kamsukuma kwa nyuma, uso umemwiva kwa haya. Kapteni kaduwaa — ikabidi amdake.

Dirisha likafungwa. Nusu saa sasa. Kwanza ilisikika sauti ya Kapteni, kali. Kisha ya Bi Hester peke yake, anasoma daftari la kanisa, taratibu. Sasa kitu kizito kinaburutwa.

Dirisha limefunguka! Kapteni, koti hana, masizi hadi viwikoni.

"Nani ana mtaimbo wa kung'olea sakafu ya meko?"

Tumenyoosha mikono sote — hata mimi, nisiye nao.