Kuni za Msiba wa Bibi

Mjukuu wangu Tumaini, kamwene. Huku Kihesa tupo. Bibi yako goti linamsumbua, ila shambani anakwenda tu, hasikii la mtu.

Umeniuliza sisi Wahehe tunaziitaje kuni, kwa ajili ya kamusi yenu ya nishati hapo chuoni. Nitakujibu, ila ngoja kwanza.

Miaka ya sabini nilikuwa karani Iyunga, Mbeya. Ofisi yetu ilikusanya maneno ya misitu na moto kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za kwetu. Nikaja huku Iringa kumuuliza bibi yangu mzaa mama. Akanitajia kuni za kupikia, za pombe, za kuchemshia maji ya mzazi, na zile za moto wa msibani ambazo haziwashwi siku nyingine. Kila moja na jina lake na mti wake.

Nikamwambia, "Bibi, fomu ina mstari mmoja tu."

"Basi andika unachotaka," akasema. "Mimi nimeshakwambia."

Nikaandika neno moja.

Alipofariki, wajomba walinifuata. "Wewe ndiye uliyetajiwa. Moto wa msiba tukate mti gani?"

Sikukumbuka. Tukawasha kuni zilizokuwepo jikoni. Wazee waliuota moto ule bila kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Neno ulilotaka nimeliandika nyuma ya karatasi hii, juu kabisa. Chini yake nimeacha patupu. Hapo ni pa yale majina mengine ya bibi yangu.

Babu yako